Kulitambua Gugu Karoti Kabla Halijamwaga Mbegu: Mwongozo Kamili

Makosa yanayojirudia katika kulitambua gugu karoti ni mawili. La kwanza ni kung'oa kila mmea wenye majani yaliyochanikachanika, hata ule usio na madhara. La pili ndilo linalogharimu zaidi: watu husubiri mpaka waone maua meupe ndipo waamini kwamba ni lenyewe, na kufikia hapo mbegu za kwanza huenda zimeshadondoka.

Jina lake la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, na sasa limeenea Afrika, Asia na Australia. Huanza kutoa maua wiki 4 hadi 8 tangu lichipue, na mmea mmoja uliostawi vizuri unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000. Kwa hiyo mwongozo huu unakazia mmea mchanga kuliko ua. Anayelijua kwa ua peke yake anafika amechelewa.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: hakuna dalili moja inayojitosheleza. Majani ya namna hii yapo kwenye mimea mingi, mashina yenye mifereji yapo, na maua madogo meupe yamejaa kila kona. Unathibitisha pale dalili zote zinapokutana kwenye mmea mmoja.

## Vifaa vya kuandaa

- Glavu za mpira zinazofunika hadi juu ya kifundo cha mkono. Za kitambaa hupitisha utomvu na vumbi la maua.
- Shati la mikono mirefu, suruali na viatu vya kufunika mguu mzima.
- Barakoa, hasa kama mimea imeshachanua.
- Kioo cha kukuzia. Kinachokuza mara 10 kinatosha kabisa. Ukikikosa, kamera ya simu iliyosogezwa karibu inaweza kusaidia.
- Rula yenye alama za milimita.
- Karatasi nyeupe moja au mbili.
- Kijiti chepesi cha kugeuzia majani.
- Vijiti kadhaa vilivyofungwa utepe wa rangi kali, kwa ajili ya kuweka alama.
- Mifuko ya plastiki inayofungika isipitishe kitu.
- Daftari na penseli. Wino huchuruzika ukilowa.
- Brashi ngumu ya kusafishia viatu.

Kioo na karatasi nyeupe ndivyo watu huviacha nyumbani wakiona havina maana. Bila hivyo, hatua ya 5 na ya 6 hazifanyiki sawasawa.

## Kabla hujaligusa

Gugu hili lina kemikali iitwayo parthenini, ambayo inaweza kuwasha ngozi hadi ikatoka vipele, ikavimba na kupasuka. Chavua yake, yaani vumbi la maua, huleta mafua ya mzio na huamsha pumu. Mwenye pumu au ngozi inayosumbua asiifanye kazi hii mwenyewe. Amwachie mwingine, na yeye abaki kuangalia picha.

Usijiaminishe kwa sababu uliwahi kulishika lisikufanye kitu. Mwili huweza kuvumilia kwa muda, kisha baada ya kuguswa mara kwa mara ukaanza kulikataa, na mzio ukishaanza hurudi kila unapokutana nalo.

Kuna tabia moja ya kuiacha kabisa hapa: kuponda jani na kulinusa, au kulionja. Kwa mimea mingi ni njia nzuri ya kutambua. Kwa huu, unajipaka na kuvuta puani kile kile unachokikwepa. Dalili zote zilizoelezwa hapa chini zinaonekana kwa macho.

## Hatua ya 1: Anza na ardhi

Gugu karoti hupenda ardhi iliyosumbuliwa: udongo uliochimbwa, uliokwanguliwa, uliokanyagwa au uliolishiwa mifugo kupita kiasi. Pale ambapo nyasi zimefunga vizuri, miche yake hupata shida kupenya. Nyasi zikiondoka, linaingia.

Pita kandokando ya barabara na reli, viwanja vya ujenzi, maegesho ya magari makubwa, mazizi, malisho yaliyobaki vipara, mashamba yaliyolimwa yakaachwa, na kingo za mito baada ya mafuriko. Usisahau mahali palipomwagwa mchanga, kokoto au kifusi kutoka kwingine. Mbegu zake ni ndogo sana na husafiri ndani ya tope la matairi, kwenye kwato na manyoya ya wanyama, kwenye majani ya malisho na hata kwenye mbegu za mazao zisizosafishwa.

Ukifika, usizunguke ovyo. Fuata njia ya magari kwanza, kisha mkondo wa maji kuelekea kwenye mteremko, kwa sababu ndiko mbegu zinakopelekwa.

Tahadhari: ardhi haithibitishi kitu. Magugu mengi yanapenda mahali hapo hapo, na gugu karoti lenyewe huingia hadi ndani ya shamba la mazao. Hatua hii inakuonyesha pa kuanzia tu.

Umefanikiwa ukiwa na: orodha fupi ya sehemu zenye mimea ya kutilia shaka, iliyoandikwa kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Tafuta mimea ya rika zote mahali pamoja

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayorahisisha nyingine zote. Mbegu za gugu karoti hazioti kwa mkupuo mmoja. Kila udongo unapopata unyevu, nyingine huchipua. Matokeo yake, kwenye eneo lilelile unaweza kukuta mmea ulionyauka, unaochanua, unaoanza kurefuka, na mche uliolala chini.

Kwa hiyo ukiona mmea mmoja wenye maua, usiishie kwenye maua. Inama. Tazama udongo kuzunguka shina lake, umbali wa hatua moja au mbili. Kama ni gugu karoti, kuna uwezekano mkubwa ukaona miche yake chini hapo hapo. Mmea mkubwa uliothibitisha kwa ua utakufundisha sura ya mche ambao bado hauna ua, na siku nyingine utautambua huo mche ukiwa peke yake.

Usipopata hata mmoja uliochanua, endelea tu. Hatua mbili zinazofuata hazihitaji ua.

Umefanikiwa ukiweza kusimama mahali pamoja na kuonyesha kwa kidole angalau rika mbili tofauti.

## Hatua ya 3: Chunguza mche uliolala chini

Mche unapotoka ardhini huwa na majani mawili madogo ya mbegu, mviringo wa yai, yasiyo na vinyweleo. Majani halisi ya kwanza yanayofuata hayajakatika sana pembeni. Kila jani jipya huja limekatika zaidi ya lililotangulia. Kwa sababu hiyo, usithubutu kutoa hukumu kwa mche wenye majani mawili au manne. Hata wataalamu huomba muda. Uwekee kijiti chenye utepe, urudi baada ya siku chache.

Mche ukishajaza majani, sura hubadilika. Majani yote hutokea kwenye kitovu kimoja usawa wa udongo, bila shina linaloonekana, yakatandaa kuzunguka kama sahani iliyobandikwa ardhini. Hapo ndipo pa kulinasa.

Fanya hivi:

1. Pima jani refu kuliko yote. Majani ya chini huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 20, na penye rutuba huzidi hapo.
2. Geuza jani kwa kijiti, angalia namna lilivyokatika. Mikato huingia hadi karibu kufikia mshipa wa kati, na kila kipande kinachobaki nacho kimekatika tena. Mkato ni wa mara mbili. Jani lenye meno tu pembeni, au lililokatika mara moja pekee, linaweza kuwa la mmea mwingine.
3. Weka kioo cha kukuzia. Pande zote mbili zina vinyweleo vifupi, laini, vilivyolala. Ndivyo vinavyoyapa majani rangi ya kijani kilichopauka kidogo, tofauti na kijani kinachong'aa cha nyasi jirani.
4. Inua jani moja uone kilicho chini yake. Majani yakishatandaa hivyo huyanyima mwanga nyasi na miche mingine. Mara nyingi utakuta udongo mtupu au majani ya njano yaliyodhoofika.
5. Udongo ukiwa na unyevu, ng'oa mche mmoja kwa glavu. Utaona mzizi mkuu mmoja unaoshuka chini, wenye vijizizi vingi vyembamba pembeni. Ukikuta mizizi inayotambaa chini kwa chini kuelekea mmea mwingine, si gugu karoti.

Tahadhari: mzizi mkuu peke yake haukutoshi. Karoti na mimea mingine mingi inao. Tumia mzizi kuondoa wasiohusika, usiutumie kuthibitisha.

Wakati wa ukame mche unaweza kukaa chini muda mrefu bila kurefuka, majani yakiwa mafupi na ya kijivu zaidi. Usiuone mdogo ukaupuuza. Mvua ikinyesha hupanda kwa kasi.

Umefanikiwa ukiona kwa pamoja majani yaliyotandaa kutoka kitovu kimoja, mkato wa mara mbili, na vinyweleo laini pande zote.

## Hatua ya 4: Soma shina, jani kwa jani

Kama ningeruhusiwa kubaki na kipimo kimoja tu, ningebaki na hiki. Kinafanyika haraka na kinaondoa sehemu kubwa ya mimea inayowachanganya watu.

Shika ncha ya mmea kwa glavu na uufuate kwa jicho kutoka chini kwenda juu. Angalia kila jani linapoungana na shina. Kwenye gugu karoti, kila jani lina kituo chake: moja upande huu, lifuatalo juu kidogo upande mwingine, lingine juu zaidi. Majani yanapishana. Kwenye magugu mengi yanayofanana nalo, majani hutoka mawilimawili, usawa mmoja, yakitazamana.

Ukiona majani yanatazamana jozi kwa jozi kuanzia chini hadi juu, simama hapo. Si gugu karoti, hata ua lifanane vipi.

Kuna mtego mmoja. Kwenye kwapa la jani, yaani pembe kati ya jani na shina, hutoka tawi changa. Tawi hilo likiwa na majani machache huonekana kama jani la pili, na mtu akaona jozi mahali ambapo hakuna. Angalia kwa makini: tawi na jani lake viko upande mmoja wa shina, kimoja juu ya kingine. Majani ya jozi ya kweli yako pande mbili zinazokabiliana. Ukipata shaka, chagua sehemu ya katikati ya shina ambapo matawi hayajasongamana.

Mtego wa pili ni mmea uliofyekwa. Gugu karoti likikatwa juu ya udongo huchipua tena kutoka kwenye shingo ya mzizi, na machipukizi hutoka kwa msongamano usioeleweka mpangilio wake. Acha hayo, tafuta mmea ambao haujafyekwa.

Sasa tazama shina lenyewe. Lina mifereji inayokwenda kwa urefu, ikitenganishwa na matuta membamba yaliyo wazi. Lina vinyweleo vifupi. Likiwa changa ni kijani. Likikomaa hukauka na kuwa gumu kama mti. Matawi huongezeka sana kuelekea juu, kiasi kwamba nusu ya chini ya mmea huonekana imetulia na nusu ya juu imetawanyika. Majani nayo hupungua ukubwa kadiri unavyopanda. Yale ya karibu na maua ni madogo na mikato yake ni michache.

Vunja kipande kidogo cha tawi, ukiwa na glavu. Halitoi maziwa. Likitoa utomvu mweupe, unashughulika na mmea mwingine.

Kuhusu urefu, kwa kawaida ni kati ya nusu mita na mita moja na nusu, na penye rutuba hufika mita 2. Lakini kwenye udongo mkavu uliokandamizwa linaweza kutoa maua likiwa bado halijafika hata usawa wa goti. Usiutumie urefu kama sababu ya kulikataa.

Umefanikiwa ukithibitisha: majani yanayopishana, shina lenye mifereji na vinyweleo, matawi mengi juu, na hakuna maziwa.

## Hatua ya 5: Ua, chini ya kioo

Ukiwa mbali unaona mawingu ya vidoti vyeupe vilivyofifia kuelekea krimu, kwenye ncha za matawi. Hapo hujaona kitu bado. Kata kichwa kimoja cha ua, kiweke juu ya karatasi nyeupe, pima.

Kipenyo chake ni kama milimita 4 au 5. Hicho unachokiita ua moja ni mkusanyiko wa viua vingi vidogo vilivyobanana. Katikati pamejaa viua vyeupe vinavyotengeneza kichuguu kidogo. Ukingoni, kwa umbali unaolingana, kuna viua 5 vyenye petali fupi sana. Petali hizo ni fupi kiasi kwamba bila kioo utadhani hazipo. Ndizo zinazokipa kichwa kizima umbo la pembe tano.

Tafuta hizo pembe tano. Ukizipata juu ya kichwa cheupe kote, pembeni na katikati, una ushahidi mzito mkononi. Katikati pakiwa pa njano kali, rudi kwenye hatua ya 4: pengine uliruka kitu.

Chunguza vichwa visivyopungua vitano kutoka mimea tofauti. Kichwa kichanga hakijafungua petali zake, kilichozeeka kimeshageuka kahawia, na wadudu hula baadhi. Kichwa kimoja kinaweza kukudanganya.

Tahadhari: usitikise matawi yaliyochanua wala kuyasogeza usoni. Wala usiyachume kupambia meza au shada la maua kwa kuwa yanapendeza. Wako wanaofanya hivyo, na shada likitupwa linapanda gugu mahali papya.

Umefanikiwa ukihesabu petali 5 fupi, kwa macho yako, kwenye vichwa kadhaa.

## Hatua ya 6: Mbegu

Fanya hatua hii pale tu mmea umeshageuka kahawia juu. Kama bado ni mbichi, iruke.

Pukutisha kichwa kimoja kikavu juu ya karatasi, karibu na ardhi, pasipo upepo. Kila kichwa hutoa mbegu zisizozidi 5, moja kwa kila petali. Ni nyeusi, bapa, zenye urefu wa kama milimita 2. Kwenye kioo utaona vitu viwili vya rangi ya majani makavu vimeng'ang'ania pembeni mwa kila mbegu. Hivyo huisaidia kuelea majini na kupeperuka, ndiyo maana ulifuata mkondo wa maji katika hatua ya 1.

Mbegu zenye miiba au ndoana zinazonasa nguo si za gugu hili.

Ukimaliza, funga karatasi pamoja na mbegu ndani ya mfuko. Zilizofukiwa ardhini zinaweza kukaa miaka kadhaa zikiwa hai, hivyo usizikung'ute hapo hapo.

## Hatua ya 7: Pitia wanaofanana nalo

Hata ukiwa na uhakika, pitia orodha hii. Inachukua muda mfupi na inaokoa mimea isiyo na kosa.

Karoti, giligilani na jamaa zake. Jani linafanana sana, hasa kwa mmea mchanga. Tofauti iko mahali kikonyo, yaani kijiti cha jani, kinapoungana na shina: kwenye jamii ya karoti, kitako cha kikonyo hupanuka na kulikumbatia shina. Maua nayo hukaa juu ya vijiti vilivyotoka sehemu moja na kufunguka kama mwavuli.

Kishona nguo (Bidens pilosa). Majani yako jozi, yakitazamana. Shina lina pembe nne. Mbegu ni sindano nyeusi zinazonasa nguo. Huu ndio mmea unaong'olewa kwa kusingiziwa mara nyingi.

Galinsoga parviflora. Ua lake ndilo linalowapoteza watu, kwa sababu nalo lina petali 5 fupi nyeupe. Lakini katikati ni njano, majani hayajakatika, na yametazamana jozi kwa jozi.

Ageratum conyzoides. Maua madogo yaliyofungana juu, meupe au ya zambarau iliyofifia. Majani ni mazima yenye meno pembeni, tena jozi.

Pakanga (Artemisia annua). Huyu ni mgumu, kwa sababu majani yake yanapishana na shina lake lina mifereji. Subiri ua: vichwa vyake ni vya njano, vidogo, vinavyoinamia chini, na mikato ya majani ni myembamba zaidi. Tena hana vile vinyweleo vinavyoonekana waziwazi kwenye gugu karoti.

Ambrosia artemisiifolia. Huyu naye ni mgumu akiwa mchanga, kwa kuwa jani limekatika mara mbili vilevile. Majani yake ya chini huwa jozi, ya juu yanapishana. Hana maua meupe kabisa. Vichwa vyake ni vya kijani, vimepangana kwenye mikia mirefu inayosimama. Chavua yake nayo ni chanzo kikubwa cha mzio, kwa hiyo ukimkuta bado una sababu ya kuvaa barakoa.

Mchunga na ndugu zake wa Sonchus. Majani ya chini yametandaa, lakini ukivunja yanatoa maziwa, na maua ni ya njano.

## Hatua ya 8: Amua, kisha weka ushahidi

Gawa mimea yako mafungu matatu. *Ndilo*: dalili za hatua ya 3 na 4 zote zipo, na ua likiwepo linakubaliana. *Silo*: hata dalili moja kubwa imekataa, kama majani ya jozi, maziwa, au katikati pa njano. *Bado*: mche ni mdogo mno au umeharibika.

Fungu la "bado" lisikuaibishe. Weka kijiti chenye utepe kwenye kila mche, andika tarehe, rudi baada ya wiki moja. Usichelewe zaidi ya hapo, maana mmea ukishaanza kurefuka mwendo wake ni wa kasi. Ukirudi ukakuta shina lina mifereji na vinyweleo, na majani yanapishana, hamishia kwenye "ndilo" papo hapo bila kungoja ua.

Kwa fungu la "ndilo", piga picha nne: mmea mzima ukiwa na rula pembeni, jani la chini likionyesha upande wa juu na wa chini, shina mahali majani yanapotokea, na kichwa cha ua kwa karibu sana juu ya karatasi nyeupe. Picha ya ua peke yake, iliyopigwa kwa mbali, haimsaidii mtaalamu yeyote. Programu za simu za kutambua mimea zitakupa jina la kuanzia, lakini huhukumu kwa kile ulichopiga tu. Ukiipa picha isiyoonyesha shina, haitakuambia lolote kuhusu shina.

Kama sampuli inatakiwa, chagua mmea usio na mbegu. Ulaze kati ya kurasa za gazeti, uweke kitu kizito juu, badilisha karatasi kila siku mpaka ukauke. Mmea wenye mbegu usiusafirishe ukiwa wazi. Weka mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na ufunge.

Peleka picha, mahali na tarehe kwa afisa ugani au idara ya kilimo iliyo karibu. Katika nchi kadhaa sheria inamtaka mwenye ardhi aliripoti au aliangamize, na eneo jipya lililoripotiwa mapema ni rahisi zaidi kushughulikiwa.

## Hatua ya 9: Siku hiyo hiyo

Kulitambua na kuliacha ni kazi bure. Kama mimea ni michache, ing'oe ukiwa na vifaa vyako vyote mwilini. Subiri udongo uwe na unyevu ili mzizi utoke mzima. Ukikatika shingoni utachipua tena. Kwa sababu hiyo hiyo usifyeke. Kufyeka mmea uliokomaa pia hutawanya mbegu.

Mimea isiyo na maua inaweza kulazwa juani ikauke, mizizi ikitazama juu. Yenye maua iingie kwenye mfuko kabla hujaing'oa: vika mfuko juu ya matawi, funga mdomo wake shinani, ndipo uvute. Usiitupe kwenye mboji. Usiwape mifugo, ikila kwa wingi hudhurika, na maziwa na nyama yake hubadilika ladha.

Kama eneo ni kubwa, usianze peke yako. Weka alama kwenye mipaka, zuia magari na mifugo kupita katikati, na utafute msaada.

Kabla ya kuondoka, piga brashi soli za viatu, kingo za suruali na matairi, ukiwa bado ndani ya eneo hilo. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, osha mikono kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Andika kwenye daftari tarehe ya kurudi. Kila baada ya mvua kubwa, hesabu wiki mbili hadi tatu, kisha nenda ukaangalie miche iliyolala. Endelea hivyo kwa misimu kadhaa, kwa sababu mbegu zilizofukiwa zitaendelea kuchipua hata baada ya mmea wa mwisho uliouona kuondolewa.